Amlodipini, dawa ya kukojoza au losartani: ipi ya kuanzia presha ikiwa juu?

Ukiingia famasi yoyote kuanzia Lamu hadi Bujumbura ukataja presha, utaletewa dawa kutoka makundi matatu. La kwanza ni amlodipini na ndugu yake nifedipini, zinazolegeza mishipa ya damu. La pili ni dawa za kukojoza za jamii ya thiazidi: hidroklorothiazidi, ambayo kwenye pakiti mara nyingi huandikwa HCT au HCTZ, pamoja na bendrofluazidi, indapamidi na klorthalidoni. La tatu huzuia anjiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu: losartani na telmisartani upande mmoja, enalaprili, lisinoprili na kaptoprili upande wa pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unayakubali yote matatu kuwa dawa za kuanzia. Ndiyo maana majirani wawili wenye presha inayofanana huweza kupewa vidonge tofauti, na kila mmoja akabaki na shaka kwamba mwenzake kapewa kilicho bora.

Makundi haya hayafanyi kazi sawasawa kwa kila mtu wala kila mahali. Asili ya ukoo ina uzito wake, na vilevile chumvi ya chakula, joto, maradhi mengine na umbali wa maabara. Ulinganisho huu ni kwa mtu mzima aliyethibitishwa kuwa na presha na anayetaka kwenda kliniki akijua aulize nini. Dozi zilizotajwa ni za kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito. Usianze wala usiache dawa kwa kusoma hapa tu.

## Vigezo tunavyotumia

Kigezo cha kwanza ni nguvu ya dawa ikitumiwa peke yake kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Cha pili ni vipimo vya damu inavyodai, kwa sababu dawa inayohitaji potasiamu (madini ya damu) na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha hali ya figo) zipimwe inapoteza sehemu ya uzuri wake ikiwa maabara ya karibu ni safari ya siku nzima. Cha tatu ni madhara, hasa yale yanayomfanya mtu aache vidonge kimyakimya bila kumwambia daktari. Cha nne ni hali nyingine za mwili: kisukari, figo, ujauzito, kifua kikuu, VVU. Cha tano ni mahali na desturi, yaani joto, kuhara, mfungo na chungu cha nyumbani.

Bei sikuiweka mbele. Amlodipini, HCT, losartani na enalaprili hutengenezwa na viwanda vingi, na toleo la bei nafuu hupatikana kwa zote. Kinachowasumbua wagonjwa zaidi ni dawa kukosekana kituoni mwezi huu na kurudi mwezi ujao. Ikitokea hivyo, uliza ipi ya kundi lilelile ipo, wala usirudi nyumbani mikono mitupu.

Kabla ya kulinganisha chochote, namba yenyewe iwe ya kweli. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo ukiegemea kiti, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Nusu saa kabla usivute sigara, usinywe kahawa, usitafune mirungi. Pima mara 2 au 3 kwa kupishanisha dakika moja. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo, na kosa hili ni la kawaida sana vituoni. Kliniki, presha huthibitishwa ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku zaidi ya moja. Kwa mashine ya nyumbani mpaka ni 135/85. Nyumbani pima asubuhi na jioni kwa siku 7, achana na namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki.

## Asili ya mtu inaingiaje hapa?

Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana homoni ya renini, ile inayoanzisha utengenezaji wa anjiotensini, kidogo katika damu, na figo zao hushikilia chumvi zaidi. Presha ya namna hiyo husukumwa na chumvi na maji kuliko inavyosukumwa na anjiotensini. Dawa ya kundi la tatu, ikiwa peke yake, inakuta kazi ndogo ya kufanya.

Jambo hili lilionekana wazi Marekani katika utafiti wa ALLHAT, uliotoa matokeo mwaka 2002 baada ya kuwafuata watu zaidi ya 33,000, zaidi ya theluthi moja wakiwa Weusi. Miongoni mwa Weusi, waliopewa lisinoprili walipata kiharusi kwa asilimia 40 zaidi ya waliopewa klorthalidoni, na presha yao haikushuka vya kutosha. Mtu angeweza kusema Marekani si Afrika. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa CREOLE, uliofanywa Kenya, Uganda, Msumbiji, Nijeria, Kameruni na Afrika Kusini kwa wagonjwa 728. Ulilinganisha jozi tatu: amlodipini na HCT, amlodipini na perindoprili (ya jamii ya enalaprili), kisha perindoprili na HCT. Baada ya miezi 6, kwa mashine inayopima saa 24, jozi mbili zenye amlodipini zilishusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 3 za zebaki, kizio cha presha, zaidi ya jozi isiyokuwa nayo. Milimita 3 zinaonekana chache, lakini zikidumu miaka kwa umati wa watu, ni viharusi vingi visivyotokea.

Sasa upande wa pili, ambao husahaulika. Utafiti wa AASK uliwafuata Wamarekani Weusi 1,094 ambao figo zao zilikuwa zimeharibiwa na presha. Hapo ramiprili, dawa ya kundi la tatu, ilizilinda figo vizuri kuliko amlodipini. Kwa hiyo kusema kwamba losartani na enalaprili hazimfai Mwafrika ni kosa, na ni kosa linalowagharimu watu figo. Asili inasaidia kukisia dawa ya kwanza kwa mtu asiye na tatizo jingine. Figo, kisukari na moyo vina sauti kubwa kuliko ukoo.

Mahali pia pana nguvu yake. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) zaidi na potasiamu pungufu. Ukoo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

## Amlodipini

Nguvu. Inashusha vizuri kwa asili zote, kwa vijana na wazee, na haitegemei sana kiasi cha chumvi unachokula. Huanza na 5 mg mara moja kwa siku. Mzee dhaifu au mwenye ini bovu huanza na 2.5 mg, mwisho ni 10 mg. Nguvu kamili huonekana baada ya wiki 1 hadi 2, kwa hiyo anayepima siku ya tatu na kusema haifanyi kazi ameharakisha. Inakaa mwilini muda mrefu. Ukisahau kidonge cha siku moja, presha hairuki ghafla.

Vipimo. Haidai kipimo chochote cha damu. Kwa zahanati isiyo na maabara, faida hii ni kubwa mno.

Madhara. Shida yake kubwa ni kuvimba vifundo vya miguu, zaidi kwa wanawake na zaidi kwa dozi ya 10 mg. Hapa hutokea kosa ambalo ningependa lifutike: mgonjwa anaongezewa furosemidi, dawa kali ya kukojoza, ili kukausha miguu. Uvimbe huu hauletwi na maji kuzidi mwilini. Amlodipini hulegeza mishipa inayopeleka damu kuliko ile inayorudisha, na majimaji hupenyeza kwenye nyama za mguu. Kumkojoza mtu hakuuondoi. Kunampunguzia potasiamu bure. Kinachosaidia ni kurudi 5 mg na kuongeza losartani au enalaprili kwa dozi ndogo, kwa kuwa hizo hulegeza pia mishipa ya kurudisha damu. Lakini miguu ikivimba pamoja na kukosa pumzi unapolala chali, hilo ni jambo jingine kabisa: nenda ukapimwe moyo. Siku za mwanzo kichwa kinaweza kugonga na uso kuwaka. Mara nyingi hupoa ndani ya wiki. Wachache huvimba fizi.

Hali nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha ini kuiondoa amlodipini, na presha iliyokuwa imetulia hupanda tena ndani ya wiki chache. Dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati hufanya kinyume: huizidisha, miguu ikavimba na kizunguzungu kikaja. Dolutegraviri haina mgogoro nayo. Klarithromisini, antibiotiki ya kifua na tumbo, nayo huizidisha. Anayetumia pia simvastatini kwa ajili ya mafuta ya damu asizidishe 20 mg za simvastatini hiyo.

Mahali. Haikaushi maji mwilini, kwa hiyo inavumilia joto la pwani, kazi ya shambani na mfungo wa Ramadhani.

Nifedipini ya kuachia polepole, 20 mg mara mbili kwa siku, ni mbadala amlodipini ikikosekana. Imezwe nzima. Ile kapsuli ya haraka ya kutoboa na kuweka chini ya ulimi isitumike kushusha presha: hushusha ghafla kiasi cha kuweza kuleta kiharusi chenyewe.

## Dawa za kukojoza za jamii ya thiazidi

Nguvu. Zinafaa sana kwa presha inayobebwa na chumvi, na ushahidi wa ALLHAT ulisimama juu ya klorthalidoni. HCT ni 12.5 hadi 25 mg asubuhi, klorthalidoni 12.5 hadi 25 mg, indapamidi 1.5 mg ya kuachia polepole au 2.5 mg ya kawaida, bendrofluazidi 2.5 mg. Kupanda juu ya hapo kunaongeza madhara kuliko kunavyoshusha presha. Klorthalidoni na indapamidi hufanya kazi muda mrefu zaidi ndani ya saa 24 kuliko HCT. Zikipatikana, ningeziulizia kwanza. Figo zikiwa zimedhoofika sana, HCT hupoteza nguvu.

Jina la kukojoza huwatia watu hofu bure. Mkojo huongezeka siku za mwanzo, kisha mwili huzoea, na dawa inaendelea kushusha presha bila safari za chooni kuzidi. Meza asubuhi, usije ukaamka usiku.

Vipimo. Potasiamu, sodiamu na kreatinini kabla ya kuanza ikiwezekana, kisha wiki 2 hadi 4 baadaye, halafu walau mara moja kwa mwaka.

Madhara. Potasiamu kushuka: misuli hubana usiku, miguu hulegea, moyo hudunda vibaya. Sodiamu kushuka huwapata zaidi wanawake wazee, na huanza kama uchovu na kuchanganyikiwa ambavyo familia huona ni uzee tu. Asidi ya yuriki hupanda, na mwenye jongo ataamka na kidole gumba cha mguu kinachowaka. Sukari hupanda kidogo.

Kuna onyo moja linalotuhusu hasa. HCT huifanya ngozi iumie upesi na jua, na tangu mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya imetahadharisha juu ya saratani za ngozi kwa wanaoitumia muda mrefu. Kwa mtu mwenye ualbino anayeishi chini ya jua la Mwanza au Shinyanga, ambaye hatari yake ya saratani ya ngozi tayari ni kubwa, sioni sababu ya kuanza na HCT wakati amlodipini ipo.

Mahali. Joto kali, kazi ya jasho, kuhara na kutapika ndipo dawa hizi huleta taabu. Ukiharisha au kutapika kiasi cha kutoweza kula na kunywa, muulize mhudumu wa afya kuhusu kuisimamisha hadi urudi kula, kwa kawaida siku 1 au 2. Kwa anayefunga, kumeza kwenye daku na kushinda juani bila maji hakufai. Daktari huweza kuihamishia baada ya futari.

## Losartani, enalaprili na jamaa zake

Nguvu. Zikiwa peke yake, kwa wastani hushusha kidogo kwa watu wenye asili ya Afrika, na vizuri zaidi kwa wenye asili ya Kihindi, Kiarabu na Ulaya, hasa wenye umri chini ya miaka 55. Zikiunganishwa na amlodipini au dawa ya kukojoza, pengo hilo hupungua sana. Losartani ni 50 hadi 100 mg kwa siku. Telmisartani 40 hadi 80 mg. Enalaprili 5 hadi 20 mg, pengine hadi 40. Lisinoprili 10 hadi 40 mg. Kaptoprili hudai mara 2 au 3 kwa siku, na hilo peke yake linatosha kuiweka nyuma, maana kidonge cha mchana ndicho kinachosahaulika.

Vipimo. Potasiamu na kreatinini kabla, kisha wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza au kuongeza dozi. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 huvumilika. Zaidi ya hapo, rudi kwa daktari. Potasiamu hupanda, kinyume cha dawa za kukojoza.

Madhara. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Katika nchi zetu, mtu wa namna hiyo huweza kuzungushwa kwenye vipimo vya kifua kikuu na kupewa antibiotiki mara tatu kabla mtu hajatazama pakiti yake ya presha. Kikohozi hupoa wiki 1 hadi 4 baada ya kuacha, ingawa wengine huchukua zaidi. Jambo la hatari ni kuvimba midomo, ulimi na koo. Ni nadra, lakini huwapata watu wenye asili ya Afrika mara kadhaa zaidi ya wengine, na laweza kutokea hata baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa. Likitokea, ni hospitali papo hapo, na enalaprili na jamaa zake hazirudiwi tena maishani. Losartani na telmisartani mara chache sana huleta mambo haya mawili, ndiyo maana kwa Mwafrika upande wa losartani hupendelewa kuliko upande wa enalaprili.

Hali nyingine. Hapa ndipo kundi hili linapoongoza: kisukari chenye protini kwenye mkojo, figo zinazovuja protini, moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Kipimo cha mkojo cha kijiti ni cha bei ndogo na hufanyika hata zahanati; kila mwenye presha au kisukari akiombe. Wakati wa ujauzito ni marufuku kuzitumia: dawa hizi huharibu figo za mtoto tumboni. Usichanganye losartani na enalaprili kwa pamoja. Na usichanganye kundi hili, dawa ya kukojoza na diklofenaki au ibuprofeni. Watatu hao wakikutana huweza kuziangusha figo ndani ya siku chache, hasa kwa mzee aliyeishiwa maji. Kwa maumivu tumia parasetamoli.

Mahali. Kuhara na kutapika, tahadhari ni ileile ya dawa za kukojoza.

## Swali la kweli mara nyingi ni jozi ipi

Wengi hawatulii kwa dawa moja. Kuongeza dawa ya kundi lingine hushusha presha zaidi kuliko kuongeza dozi ya ileile maradufu, na madhara huwa machache. Mwenye 160/100 au zaidi mara nyingi huanzishiwa mbili tangu siku ya kwanza. Tangu mwaka 2019 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja.

Tazama kinachouzwa. Losartani 50 mg na HCT 12.5 mg ndani ya kidonge kimoja, mara nyingi kikiwa na herufi H mwishoni mwa jina, imeenea sana Afrika Mashariki. Ni dawa nzuri, lakini inafanana na ile jozi iliyoshika nafasi ya mwisho katika CREOLE. Kama unaitumia na presha haishuki chini ya 140/90, hatua yenye maana ni kuuliza kuhusu amlodipini kabla ya kuongeza losartani.

Amlodipini na HCT inamfaa asiye na kisukari, asiye na jongo, mwenye figo nzima. Amlodipini na losartani au telmisartani inamfaa mwenye kisukari au protini kwenye mkojo, aliyevimba miguu kwa amlodipini, au anayefanya kazi ya jasho. Mbili zikishindwa, zote tatu huunganishwa. Tatu zikishindwa kwa dozi kamili, na ikithibitika kwamba vidonge vinamezwa kweli, daktari huongeza spironolaktoni 25 mg, dawa ya kukojoza ya aina nyingine inayopandisha potasiamu, kwa kufuatilia potasiamu hiyo.

Atenololi na propranololi, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, bado hutolewa vituo vingi kama dawa ya kwanza. Zina kazi yake kwa mwenye maumivu ya moyo au mapigo yasiyo sawa, na mgonjwa wa moyo kushindwa huandikiwa jamaa zake kama bisoprololi au kavediloli. Kwa presha tupu, hasa kwa mtu mzima mwenye asili ya Afrika, zinakuja nyuma ya makundi haya matatu. Aliyekwisha zizoea asiziache ghafla. Moyo huweza kukurupuka.

Kuhusu saa ya kumeza, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 haukuona tofauti kati ya asubuhi na usiku kwa mshtuko wa moyo na kiharusi. Chagua saa usiyoisahau.

## Chumvi ya kila mahali

Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya 5 g za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Pwani na Visiwani tazama ng'onda, papa mkavu na achari. Loweka samaki huyo, mwaga maji, rudia, na usitie chumvi nyingine chunguni. Bara tazama vidonge vya mchuzi, mkate na magadi yanayotiwa kwenye maharage na kisamvu. Magadi ni sodiamu tupu hata kama hayana ladha ya chumvi. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyohiyo. Chumvi yenye potasiamu ilipunguza viharusi kwa asilimia 14 katika vijiji vya Uchina, kwa matokeo ya mwaka 2021, lakini mwenye figo mbovu au anayetumia losartani, enalaprili au spironolaktoni asiitumie bila kupimwa potasiamu.

## Uchague kwa hali ipi?

Uko mbali na maabara na huna ugonjwa mwingine: amlodipini 5 mg ndiyo rahisi kuanza nayo kwa usalama, na kipimo cha marudio baada ya wiki 4.

Una kisukari au protini kwenye mkojo, wa asili yoyote: losartani iwemo, na amlodipini mara nyingi itaongezwa. Usikubali kunyimwa losartani kwa sababu tu u Mwafrika, wala usikubali kupewa bila kreatinini kupimwa.

Unaweza kupata mimba: epuka kundi la tatu, tumia amlodipini. Ukigundua una mimba huku unameza losartani au enalaprili, nenda kliniki siku hiyohiyo ubadilishiwe. Methildopa 250 mg mara 2 au 3 kwa siku, nifedipini ya kuachia polepole na labetaloli ndizo zinazotumika kwa wajawazito. Kichwa kinachouma sana, macho kuona giza au maumivu ya juu ya tumbo wakati wa ujauzito hayasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Umeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini: pima presha kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo. Losartani nayo hupunguzwa nguvu na rifampisini. HCT na lisinoprili haziguswi nayo kwa kiasi hicho. Tiba ikiisha dozi itazamwe tena, kwa sababu kilichoongezwa sasa kitakuwa kimezidi.

Una jongo au ualbino: acha HCT iwe chaguo la mwisho. Umri umepita miaka 70 na huanguka: anza na dozi ndogo, na upimwe pia ukiwa umesimama dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi unaposimama, dawa ipunguzwe au ibadilishwe kabla ya nyonga kuvunjika.

Unaishi Uingereza: mwongozo wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba, huwaanzishia watu wenye asili ya Afrika amlodipini au jamaa yake bila kujali umri, isipokuwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambao huanza na kundi la tatu, upande wa losartani. Marekani mwongozo wa mwaka 2017 ulipendekeza dawa ya kukojoza au amlodipini kwa Weusi wasio na ugonjwa wa figo wala moyo kushindwa, na huko mpaka wa presha ni 130/80, kwa hiyo usishangae kuambiwa una presha kwa namba ambayo nyumbani ilipita. Mzanzibari au Mmombasa mwenye ukoo uliochanganyika Bara Hindi, Oman na Afrika, akiwa Muscat au popote, asihangaike kujitafutia kisanduku cha asili kwenye fomu. Kwake mkojo, sukari, kreatinini na namba za wiki 4 baada ya kuanza ndizo zitakazoamua.

Presha 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito, kukosa pumzi au macho kufifia ghafla ni ya hospitali mara moja, wala si ya kuongeza vidonge nyumbani. Namba hiyohiyo bila dalili yoyote: tulia, pima tena baada ya dakika chache, kisha uonwe siku hiyo au kesho yake.

Na kama presha yako iko chini ya 140/90 kwa miezi kadhaa, au chini ya 130 kwa juu ikiwa una kisukari, figo mbovu au umewahi kupata kiharusi, na dawa haikusumbui, baki nayo hata kama umesoma hapa sifa za nyingine. Rudi famasi vidonge vikiwa vimebaki vya wiki moja, ili kikikosekana upate siku za kutafuta kwingine.